Katamarani yetu inatuchukua saa mbili kuifunga: tufanyeje?

SWALI: Mimi na binti yangu wa miaka 15 tuna Hobie 16 ya mtumba, katamarani ndogo ya matanga yenye mitumbwi miwili iliyounganishwa. Inalala nyumbani Kajjansi, Uganda, na Jumapili tunaivuta kwa trela hadi ufukweni karibu na Entebbe. Tunaanza kuifunga, yaani kusimamisha mlingoti na kuweka matanga, saa nne asubuhi, lakini tunapoingia majini saa sita imeshapita, upepo umekwisha kuwa mkali na sisi tumechoka. Wenzetu pembeni wanamaliza kwa chini ya saa moja. Tunakosea wapi? Ni hatua gani hatufai kuiruka hata tukiwa na haraka? Na je, ninunue winchi ya kuinulia mlingoti? (Ssalongo, Kajjansi)

JIBU: Ssalongo, hongera kwanza kwa kumpata binti anayekubali kuamka Jumapili kwa ajili ya kamba na nyaya. Sidhani kwamba saa mbili zenu zinaliwa na kazi yenyewe. Siku moja simama kando umtazame mtu anayefunga boti polepole. Utamkuta anatafuta pini iliyodondoka mchangani, anafumbua kamba zilizosokotana, anarudi garini kuchukua koleo, anafungua alichokwisha kufunga kwa sababu kilipita upande usiofaa wa waya. Kupandisha tanga, ukiwa umeliandaa, ni kazi ya dakika chache tu. Kwa hiyo mwendo wenu wa Jumapili asubuhi unaamuliwa Jumapili ya nyuma jioni, wakati mnapofungua boti na kuirudisha kwenye trela. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi, lakini kabla ya hapo tuzungumzie saa ya kufika, maana nayo inawanyang'anya muda.

Ufuko huu wa kaskazini wa Ziwa Victoria una desturi yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, basi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Asubuhi hufifia, kukawa na kipindi cha utulivu. Jua likishaipasha nchi, kwenye saa tano au sita, upepo hugeuka ukaja kutoka kusini, ziwani, na huendelea kupata nguvu hadi alasiri. Ninyi mnaanza saa nne, kwa hiyo kazi nyepesi mnaifanya wakati wa shwari, halafu tanga kuu, ambalo ndilo linalosumbua kupandisha upepo ukivuma, mnalipandisha wakati hasa upepo unapoingia. Fikeni saa tatu. Mlingoti uwe umesimama kabla ya saa nne na nusu, na mtaona nusu ya taabu yenu imekwisha bila kubadilisha kitu kingine.

Mkifika, msifungue hata kamba moja kabla ya kutazama upepo unatoka wapi. Entebbe ni rasi, maji yako pande nyingi, na pwani moja inaweza kuwa na upepo wa ubavuni huku nyingine imetulia. Tazameni majani, bendera, moshi wa wanaokaanga samaki. Kisha wekeni boti omo yake, yaani ncha ya mbele, ikielekea upepo, na ibaki hivyo hadi mwisho. Upepo wa ziwani ukishaingia, ni rahisi: omo inaelekea majini. Mkiwahi mapema na upepo bado unatoka nchi kavu, omo ielekee barabarani, na boti itaingia majini kwa tezi, yaani kinyumenyume. Watu wengi huegesha pale trela ilipopata nafasi, upepo ukiwa wa ubavu, kisha wakashangaa kwa nini tanga linapigapiga na kunasa kwenye nyaya.

Tazameni na juu. Mlingoti wa Hobie 16 una urefu wa mita nane hivi, na ni wa alumini. Marekani watu wameuawa na umeme mlingoti ulipogusa nyaya zilizopita juu ya maegesho ya boti. Ndiyo maana Hobie nyingi za huko zimewekewa kipande cha juu cha faiba kisichopitisha umeme. Ya kwenu ikiwa ilitoka Ulaya, huenda ni alumini mwanzo hadi mwisho. Na hata ile yenye ncha ya faiba bado ina nyaya za chuma kila upande. Pimeni kwa macho njia yote ambayo boti itapita ikiwa imesimamisha mlingoti, kutoka mnapofungia hadi kwenye maji, siyo pale mliposimama tu. Na mkisikia radi, mlingoti ulale. Dhoruba za ziwa hili hupenda usiku hadi asubuhi, hasa katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, kwa hiyo anga jeusi la saa tatu upande wa kusini si la kudharauliwa.

Sasa turudi kwenye ile kazi ya jioni ya kuifungua boti na kuipakia. Kanuni yangu ni kwamba kisicholazimika kutoka, kisitoke. Nyaya za pembeni zibaki zimefungwa kwenye mlingoti na kwenye mitumbwi ya boti, kila upande wake, hata mlingoti ukiwa umelala. Kapi za demani (kamba ya kuongozea tanga) ya tanga kuu zibaki na kamba yake ndani, zote pamoja, mziweke kwenye mfuko mmoja wa turubai. Kuipitisha upya kamba hiyo kwenye kapi zake ni adhabu, na ukikosea mpito mmoja kamba itajisugua yenyewe hadi kuchakaa. Demani ya tanga la mbele nayo ibaki kwenye boti, ikiwa na fundo la nane kila mwisho. Papi, zile fito nyembamba zinazonyoosha tanga, zibaki ndani yake. Watu huzitoa zote kila safari kana kwamba tanga litalala kabatini mwaka mzima. Legezeni kidogo tu vikazo vyake, kisha tanga lote mlikunje kwa kuliviringisha kuanzia juu kwenda chini, papi zikiwa sambamba na mviringo. Litakuwa bunda refu linalokaa vizuri juu ya trampolini, ile sakafu ya kitambaa iliyotandazwa kati ya mitumbwi. Kulikunja kama shuka kunaacha mikunjo inayoharibu kitambaa, na asubuhi yake mtapoteza muda kutafuta pembe ya juu ni ipi.

Majarari, yaani kamba za kupandishia matanga, ndiyo hasa yanayowatesa wageni wa kazi hii. Jarari la tanga likiachiwa ncha yake likapanda hadi kileleni, hakuna dawa ila kuushusha mlingoti. Kabla ya kulaza mlingoti, kila jarari mlifunge ncha zake mbili pamoja chini, mlikaze, kisha mlizungushie mlingoti pamoja na nyaya za kuning'inia (zile ambazo baharia hujining'iniza nje ya boti), na kufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli kila baada ya mita moja au mbili. Mpira huo unapatikana kwa fundi yeyote wa boda. Bila hivyo, mlingoti ukianza kuinuka nyaya zitaning'inia, moja itanasa chini ya kona ya nyuma ya trampolini au kwenye bawaba ya usukani, na mtalazimika kuushusha tena.

Rangi pia husaidia. Utepe mwekundu uwekwe kwenye kila kitu cha upande wa kushoto, wa kijani upande wa kulia: nyaya za pembeni, nyaya za kuning'inia, sukani. Ndivyo taa za vyombo vya majini zilivyogawanywa, kwa hiyo binti yako atakuwa anajifunza mambo mawili kwa pamoja. Pini na pete ndogo zote zikae kwenye kopo moja lenye kifuniko, na kopo hilo lifungwe kwa kamba kwenye boriti ya mbele. Mtu akitoa pini, aidha anairudisha tunduni mwake au anaiweka koponi. Mfukoni haina ruhusa, wala mdomoni. Wekeni na pini mbili tatu za akiba.

Hapa niseme neno kuhusu vipuri. Fundi wa Katwe, Kampala, atakutengenezea panda nzuri ya kushikilia mlingoti nyuma ya trela, na magurudumu mapana ya kusukumia boti mchangani, kwa bei ambayo hutaipata kwa kuagiza nje. Mpe kazi hizo. Lakini pingu na pini zinazoshika nyaya za mlingoti usimpe aziige kwa chuma cha kawaida. Ni kweli maji yetu ni baridi, hayana chumvi, na kutu haina kasi kama ya Mombasa. Hata hivyo pini laini hujipinda bila kuonekana, na inakatika siku ya upepo. Hizo agiza za chuma kisichoshika kutu, za kipimo kilekile. Vilevile zile pini za kuchomoa haraka zenye kitufe, ambazo watu wanazisifu, zitumie kwenye mti wa kuunganisha kana mbili (mikono ya kugeuzia sukani) ukitaka. Kwenye nyaya za mlingoti, hapana.

Ufukweni, gawaneni kazi mara moja na msibadilishane. Wewe, kwa kuwa mrefu na mwenye nguvu zaidi, ni mtu wa mlingoti na tanga kuu. Binti ni mtu wa omo: waya wa mbele, tanga la mbele, vizibo, sukani. Kazi ya kwanza kabisa ya binti ni vizibo viwili vya nyuma ya mitumbwi. Nyumbani viwe vimefunguliwa ili hewa ipite, maana mitumbwi iliyofungwa juani hujaa hewa moto inayosukuma viungio. Kwa hiyo vinasahaulika kwa urahisi. Vifungeni kabla ya jambo jingine lolote.

Kisha mlingoti, ambao nadhani ndio unaowaogopesha. Boti iwe imekaa sawa, magurudumu yamewekewa kabari. Mlingoti umelala kuelekea nyuma, juu ya panda, kitako chake kimefungwa kwa pini kwenye kikalio cha boriti ya mbele. Zungukeni boti nzima mkiwa mmeshika kila waya kwa mkono kutoka juu hadi chini, mhakikishe haujapita chini ya kitu. Hii ni dakika moja, na ndiyo dakika inayolipa kuliko zote. Halafu wewe unasimama juu ya trampolini kwa nyuma, unaweka mlingoti begani, unatembea kuelekea mbele ukiusukuma kwa mikono. Binti anasimama mbele ya omo akiwa na kamba ndefu iliyofungwa kwenye waya wa mbele, anavuta kwa mwendo wako, bila kukurupuka. Hatari iko katikati ya safari, mlingoti ukiwa nusu: hapo nyaya za pembeni bado zimelegea na unaweza kuangukia ubavuni. Ndiyo sababu nasisitiza omo kuelekea upepo na ardhi iliyo sawa. Ukishasimama, unabaki umeukumbatia hadi asikike akisema "imefungwa", na maana ya neno hilo ni kwamba pini imeingia na pete yake imeingia. "Nadhani imefungwa" haitoshi. Ikiwa kikalio chenu kina pini ya bawaba iliyoshika kitako wakati wa kuinua, ichomoeni sasa, la sivyo mlingoti hautazunguka tanga litakapojaa.

Hilo linajibu swali la winchi. Inafanya kazi, na mtu anayefunga boti peke yake anaihitaji. Lakini ninyi ni wawili, na Hobie 16 si boti kubwa. Winchi inavuta mbele tu, haiuzuii mlingoti kuanguka ubavuni, na kuifunga na kuifungua kutakula dakika zilezile mnazotaka kuokoa. Kamba ndefu yenye nguvu, ikipitishwa kwenye kapi iliyofungwa kwenye nguzo ya mbele ya trela, itampa binti nguvu ya kutosha na mahali pa kufungia kamba akichoka. Pesa ya winchi nunua majaketi mapya ya kuokolea maisha.

Sukani sasa, kabla ya matanga, zikiwa zimeinuliwa. Sababu ni kwamba tanga likishapanda, boti iwe tayari kuondoka. Si jambo zuri kuhangaika na pini za usukani huku tanga linapigapiga juu ya kichwa chako. Mti wa kuunganisha kana mbili ufungwe, kana igeuzwe huku na huku mara moja, basi.

Tanga la mbele linatangulia. Kwenye Hobie 16 ukingo wake wa mbele una waya ndani, na mnapolikaza jarari lake kwa kapi zake, ni waya huo unaobeba mlingoti. Waya wa mbele wa kudumu utalegea. Msishtuke, wala msiukaze tena; nimewaona watu wakizunguka na bisibisi wakitafuta kosa ambalo halipo.

Tanga kuu linakwama kwa sababu zinazojulikana: mfereji wa mlingoti una mchanga, boti haielekei upepo, demani imeshafungwa, au papi imenasa chini ya waya wa pembeni. Piteni mferejini mara kwa mara kwa kitambaa kibichi, kisha paka mshumaa kwenye kamba iliyoshonwa ukingoni mwa tanga. Grisi na mafuta ya injini hapana, yatashika vumbi lote la barabara ya Entebbe. Wakati wa kupandisha, mmoja anavuta jarari na mwingine anaulisha ukingo wa tanga mferejini kwa vidole, ukiingia wima bila kukunjika. Likigoma, shusheni nusu mita mpandishe tena. Anayening'inia kwenye jarari kwa hasira hupasua tanga. Bumu (mti wa chini ya tanga kuu) na demani vifungwe baada ya tanga kufika juu.

Tanga likifika kileleni kuna pete inayopaswa kunasa kwenye ndoano. Mkidhani imenasa, vuteni ukingo wa chini wa tanga kwa uzito wa mwili. Likiteremka hata kidogo, halikunasa. Hatua hii hairukwi kamwe, kwa sababu kulitatua tatizo hilo mkiwa majini, mawimbi yakiwatingisha, ni kazi ya watu wazima wawili wenye subira.

Pia msilipandishe tanga kuu mkiwa na mambo mengine ya kufanya. Chai, krimu ya jua, picha, choo, yote yaishe kwanza. Jua la ikweta hula kitambaa cha tanga, na kupigapiga ufukweni kunakichosha upesi. Likiwa chini, msilitandaze pale wanapoanika mukene (dagaa), wala msiliviringishe na sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, ndani yake. Wadudu hao wakifia ndani wanaacha madoa.

Hatua nyingine zisizorukwa unaweza kuzifanya kwa kuzunguka boti mara moja, mkono wako ukigusa kila kitu unachokitaja kwa sauti: vizibo viwili, pini za nyaya tatu zinazosimamisha mlingoti, kila moja na pete yake, pete ya tanga juu, pini za sukani, demani zote mbili ziko huru, majaketi yamevaliwa. Binti naye azunguke kwa upande wake. Kugusa ni muhimu, maana jicho lililozoea huona pini hata mahali isipokuwepo.

Jumapili ufukweni kuna muziki, kuna watoto, na kuna mtu atakayekuja na simu aulize, "Ssebo (bwana), boti hii shilingi ngapi?" Mjibu kwa upole kwamba utamweleza ukimaliza. Pini nyingi zilizosahaulika zilisahaulika katikati ya maongezi. Ikitokea mmekatizwa, rudini hatua moja nyuma mwanze pale.

Kazi yote hii ifanyike pakavu. Mkifunga sukani au kutafuta pini mkiwa mmesimama kwenye maji ya magotini yenye matete, mnajiweka kwenye kichocho, ambacho vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi na huingia kupitia ngozi. Boti iingie majini ikiwa kamili, nanyi mpande mara moja.

Kwa mpangilio huu, watu wawili kutoka kwenye trela hadi majini wanaweza kutumia dakika 40 hadi 45 baada ya kuzoea. Sitawashauri kushindana na saa chini ya hapo. Kama mnataka kupunguza zaidi, njia iliyopo ni kuacha kuivuta: tafuteni nafasi ya kuegesha ufukweni, kwenye klabu au kwa mtu mnayemwamini, mlingoti ubaki umesimama. Hapo inabaki matanga, sukani na vizibo, na robo saa hadi dakika 20 zinatosha. Sharti lake ni kuifunga boti ardhini pande zote mbili kwa kamba nene kwenye nguzo zilizochimbiwa, si kwenye magurudumu, kwa sababu upepo wa dhoruba ya alfajiri unaweza kuipindua katamarani tupu. Vizibo viachwe wazi, trampolini ifunikwe jua lisiile, na mumwombe mlinzi awapigie simu mlingoti ukionekana umeinama.